Mbwa wa Helen Keller na Mtoto Tommy

Katika kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki hukisoma katika Agano la Kale, yumo kiumbe mdogo ambaye wasomaji wengi humpita bila kumwangalia. Mzee Tobiti, mtu wa haki aliyezika maiti za ndugu zake waliotupwa, amepofuka macho. Anamtuma mwanawe Tobia katika nchi ya mbali akamletee fedha alizoziweka huko. Malaika Rafaeli anafuatana na kijana kwa sura ya mtu, na pamoja nao anakwenda mbwa. Maandiko Matakatifu hayataji jina la mbwa huyo, wala hayasemi alikuwa na kazi gani. Yasema tu ya kuwa alishika njia pamoja nao, na ya kuwa siku ya kurudi alikuwapo. Katika tafsiri ya Kilatini, iliyosomwa katika Kanisa kwa karne nyingi, mbwa huyo ndiye aliyetangulia mbio hadi nyumbani, akitikisa mkia kama mjumbe wa furaha, kabla macho ya mzee hayajafunguliwa.

Neno hilo halikuandikwa bure. Mwenyezi Mungu alipopenda kumponya kipofu yule, alimtuma malaika, akamtuma mwana, na mbwa naye hakumfukuza njiani. Kila mmoja alitumika kwa cheo chake. Malaika hakuwa mbwa, wala mbwa hakuwa mwana; lakini wote watatu waliingia katika nyumba ya huzuni, na huzuni ikatoka.

Msomaji mpendwa, kisa kinachofuata ni cha mtu aliyekosa kuona na kusikia pia, na cha mbwa aliowapenda. Ni kisa cha kweli, na ndani yake mna fundisho juu ya cheo cha kila upendo.

Mtoto katika giza na kimya

Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mwenye macho mazima na masikio mazima. Mwezi wa Februari 1882, alipokuwa na umri wa miezi 19, homa kali ilimshika. Waganga walikata tamaa. Kisha homa ikamwacha ghafula kama ilivyokuja, na watu wa nyumbani wakamshukuru Mungu. Furaha yao haikudumu. Baada ya siku chache mama aliona ya kuwa mtoto hapepesi macho mkono ukipita mbele ya uso wake, wala hageuki kengele ikilia karibu naye. Uhai ulibaki, lakini milango miwili mikubwa ilikuwa imefungwa. Waganga wa siku hizi hudhani ya kuwa labda ilikuwa meninjiti, ugonjwa ambao hata leo katika Kongo huwaacha watoto wengi viziwi.

Kiziwi anayeona husoma nyuso za watu na kuiga mikono yao. Kipofu anayesikia hufuata sauti ya mama yake, hucheka kwa hadithi na kuimba pamoja na wenzake. Lakini asiyeona wala kusikia anabaki na nini? Anabaki na mikono yake, na ngozi yake, na pua yake, na ulimi wake. Dunia haiendi kwake. Haina budi kugusa mwili wake ndipo ajue ya kuwa ipo. Mama asipomgusa, kwake ni kana kwamba mama hayupo. Wageni wakijaa nyumbani na kuzungumza tangu asubuhi hata jioni, yeye yu peke yake katikati yao.

Hivyo Helen alikua akiwa kama mtu aliyefungwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Alikuwa na akili nyingi, na kwa sababu hiyo alikasirika sana. Alibuni ishara zake mwenyewe za kuomba mkate au kumwita mama. Asipoeleweka, alipiga, aliuma, alijitupa chini. Siku moja alimfungia mama yake katika ghala ya chakula kwa ufunguo, akakaa nje akicheka, kwa kuwa aliusikia mlango ukitetemeka kwa ngumi za mama. Majirani waliona mtoto mbaya. Hawakumwona mfungwa.

Katika miaka hiyo rafiki zake walikuwa wawili: Martha, mtoto wa mpishi wa nyumba, ambaye alizielewa ishara zake, na Belle, mbwa jike mzee wa kuwinda. Wawindaji wa vijijini wanamjua mbwa wa namna hiyo: katika ujana wake hukimbia porini na njuga shingoni, na katika uzee wake hupenda kulala karibu na moto. Helen alijaribu mara nyingi kumfundisha Belle ishara zake. Belle hakutaka. Aliondoka polepole, akajinyosha, akaenda kulala upande wa pili wa moto. Mtoto akachoka, akaenda kumtafuta Martha.

Lakini Belle hakuondoka nyumbani. Alipigwa, alivutwa masikio, na kesho yake alikuwapo tena, mwenye joto, mwenye kupumua. Hakumwona Helen kuwa ni msiba. Hakumsikitikia wala kumwogopa. Kwa mtoto ambaye watu wazima walimgusa kwa huzuni au kwa hasira, hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Herufi nne juu ya wayo wa mbwa

Tarehe 3 Machi 1887 mwalimu alifika Tuscumbia. Jina lake Anne Sullivan, mwanamke wa miaka 20, yatima wa mama, aliyelelewa katika nyumba ya maskini, na ambaye yeye mwenyewe alikaribia kupofuka kabla waganga hawajampasua macho. Alileta alfabeti ya mkono, ambayo kila herufi hufanyika kwa vidole ndani ya kiganja cha mwenzake. Inafaa Wakristu wajue asili yake. Katika karne ya 16 mmonaki Mbenediktini wa Hispania, Pedro Ponce de León, aliwafundisha watoto viziwi wakati ambapo wengi walisadiki ya kuwa kiziwi hafundishiki. Mwaka 1620 Juan Pablo Bonet alipiga chapa kitabu huko Madrid chenye picha za herufi za mkono. Katika karne ya 18 padri mmoja Mfaransa, de l'Épée, alifungua shule ya viziwi Paris. Kutoka Ufaransa elimu hiyo ilivuka bahari, ikafika katika vidole vya Anne Sullivan.

Mwalimu alimpa Helen mwanasesere, kisha akamwandikia mkononi herufi nne za Kiingereza za jina lake. Mtoto aliziiga kwa ufundi, kama mtu anayeiga mchezo. Hakujua bado ya kuwa ni neno. Hakujua ya kuwa kuna maneno duniani.

Siku moja ya mwezi huo, Belle aliingia chumbani. Helen alimkumbatia shingoni, akaketi sakafuni karibu naye, akaushika wayo wake na kuanza kuzikunja kucha zake. Watu walitazama wasielewe. Kisha wakamwona akizifanya zile herufi nne kwa vidole vyake mwenyewe, ndipo wakafahamu: mtoto alikuwa akimfundisha mbwa kuandika.

Tendo hilo lastahili kutafakariwa na kila katekista. Mtoto yule alikuwa amepokea herufi chache tu, na maana yake hajaijua, lakini hakuziweka kwa ajili yake peke yake. Alimtafuta rafiki wa kumgawia. Nani alimfundisha jambo hilo? Hakuna aliyeweza kumwambia, kwa kuwa hakusikia neno lolote. Ni Muumba aliyeliandika ndani yake, kwa maana roho ya mtu iliumbwa kwa ajili ya kupokea na kutoa. Walio na macho na masikio, waliofundishwa Baba Yetu na Amri Kumi tangu utoto, mara nyingi hawajamgawia jirani yao hata herufi nne.

Baadaye kidogo, tarehe 5 Aprili 1887, mwalimu aliuweka mkono wa Helen chini ya maji ya bomba, na katika mkono wa pili akaandika jina la maji. Mtoto akasimama kimya. Akili yake ikafunguka. Akafahamu ya kuwa kila kitu kina jina, na siku ile ile akajifunza majina mengi. Belle hakulipata neno, Helen alilipata. Hapo panaonekana mpaka uliowekwa na Mungu kati ya mnyama na mtu. Mbwa aliweza kulala karibu naye gizani, lakini hakuweza kumtoa. Kwa kazi hiyo alihitajiwa mtu mwingine, mwenye roho kama yake.

Namna mkono unavyosikia

Huenda msomaji akauliza: asiyeona wala kusikia anamjuaje mbwa wake? Hamwoni akitikisa mkia, wala hamsikii akibweka.

Helen Keller alieleza jambo hilo katika vitabu vyake, kwa kuwa alisoma hata akapata digrii katika chuo cha Radcliffe mwaka 1904. Kitabu chake cha mwaka 1908 juu ya ulimwengu wa wasioona kinaanza kwa habari ya mbwa anayejigaragaza majanini, na mkono wa Helen ukimfuata ili kuishika furaha yake. Katika mwili wa mbwa kila jambo huonekana kwa mguso. Mkia ukipiga mguu wa mtu, ni salamu. Mbavu zikitetemeka, anabweka, na mlangoni pana mgeni. Manyoya yakisimama mgongoni, kuna hatari. Pumzi ikienda polepole, ni amani. Uzito wa kichwa juu ya goti husema: nipo hapa. Mbwa hahitaji kutafsiriwa. Watu wengi walipomwendea Helen iliwabidi kusema kwa kinywa cha mwingine, naye mwalimu akayaandika maneno yao katika kiganja chake. Mbwa alikwenda moja kwa moja.

Tena mbwa hutumia pua kuliko macho, na asiyeona huijua pua pia. Helen aliwatambua watu kwa harufu zao, akaijua mvua kabla haijanyesha. Hivyo mtu na mnyama walikutana mahali ambapo watu wenye macho hupita bila kutambua kitu.

Kifo cha Simba Jike

Sasa yafuata sehemu ya kisa iliyo kubwa kupita zote.

Helen alipokuwa angali mtoto alipewa mbwa mkubwa wa aina ya mastiff, akaitwa Lioness, maana yake Simba Jike. Mtoto asiyeona aliweza kumtegemea kwa mwili wake wote na mbwa asitikisike. Alimpenda sana. Lakini kabla ya mwezi wa Machi 1891 habari mbaya ilimfikia: askari polisi amempiga mbwa yule risasi, naye amekufa.

Helen alikuwa na miaka 10. Majonzi yake yalikuwa makubwa, lakini hakumlaani aliyemwua. Alisema tu ya kuwa watu wale wasingefanya hivyo kama wangalijua jinsi mbwa yule alivyokuwa mwema. Mkristu anayesikia neno hilo hukumbuka lile aliloomba Bwana wetu Yezu Kristu msalabani kwa ajili ya wauaji wake. Mtoto hakulingana na Mwokozi, wala mbwa hakulingana na mtu; lakini njia ya kusamehe ni moja tu, katika mambo madogo na makubwa.

Habari zikaenea katika magazeti. Watu wa Marekani, hata na Waingereza ng'ambo ya bahari, walihuzunika pamoja na mtoto. Wakaanza kuchanga fedha za kumnunulia mbwa mwingine mzuri.

Wakati huo huo Helen alikuwa amesikia habari za mtoto mwingine, Tommy Stringer wa Pennsylvania. Huyu alikuwa hajatimiza miaka mitano. Hakuona, hakusikia, hakusema. Mama yake alikuwa amekufa, na baba yake alikuwa maskini asiyeweza kumlea. Tommy aliwekwa hospitalini katika mji wa Allegheny, na kutoka huko ilikusudiwa apelekwe katika nyumba ya maskini, kwa kuwa katika jimbo lote hapakuwa na mahali pengine pa kumpokea. Ilijulikana ya kuwa angeweza kufundishwa katika shule ya vipofu ya Boston, lakini mwalimu wake alihitaji mshahara, na mshahara haukuwapo. Helen alipoambiwa ya kuwa fedha zahitajiwa, alijibu ya kuwa zitatafutwa. Akaanza kuweka senti zake, akawaandikia rafiki zake barua.

Basi, tazameni jinsi mambo mawili yalivyokutana katika roho ya mtoto mmoja. Upande huu, fedha za mbwa, zilizotolewa kwa hiari, zilizo mali yake halali. Mikono yake ilitamani kichwa kizito juu ya goti, na jioni nafasi ya Simba Jike ilikuwa tupu. Upande ule, mtoto asiyemjua, ambaye hajapata kumgusa, amelala katika giza lile lile alilolijua yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna ambaye angemlaumu kama angalimchukua mbwa.

Helen aliwaandikia wafadhili akawashukuru kwa moyo wote. Akawaeleza ya kuwa hahitaji mbwa kama Tommy anavyohitaji mwalimu, akawasihi wazielekeze fedha zile kwa mtoto. Wakakubali, na mchango ukakua upesi kuliko ulivyokua kwa ajili ya mbwa. Hata watoto maskini walituma senti zao. Helen akaandika barua katika gazeti la Boston akiwashukuru waliotoa, ili kila mtu ajue fedha zake zimekwenda wapi. Tarehe 6 Aprili 1891 Tommy alipokewa katika shule ya watoto vipofu. Alifundishwa, akayajua maneno, akakua, na kazi aliyoipenda hasa ilikuwa useremala. Mtoto aliyekuwa akingojewa na nyumba ya maskini aliweza kushika randa na msumeno.

   

Cheo cha kila upendo

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika namba 2416 hata 2418 ya kuwa wanyama ni viumbe vya Mungu, naye huwatunza kwa maongozi yake. Kwa kuwapo kwao tu humtukuza Muumba. Kwa hiyo watu wawatendee kwa upole. Kuwatesa bila sababu, au kuwaua bure, ni jambo lisilopatana na heshima ya mtu. Mtu aweza kumpenda mnyama, lakini asimpe upendo ule unaowapasa watu peke yao, wala asimtumilie fedha ambazo kwanza zingepasa kuondoa taabu ya wanadamu.

Mtoto wa miaka 10 wa Alabama hakuisoma namba hiyo, kwa maana ilikuwa haijaandikwa. Aliitenda. Wala hakuitenda kwa kumdharau mbwa. Asiyempenda mbwa hatoi kitu akikosa mbwa. Sadaka ya Helen ilikuwa na uzito kwa sababu upendo wake kwa Simba Jike ulikuwa wa kweli. Mbwa ndiye aliyemfundisha ladha ya kutokuwa peke yake, naye akataka Tommy aionje kwa ngazi ya juu zaidi, kwa mwalimu na kwa neno.

Wako watu wa namna mbili wanaokosa hapa. Wa kwanza humpiga mbwa mawe, humnyima chakula baada ya kumtumia mawindoni, humwacha afe njiani mwenye vidonda. Kitabu cha Methali hufundisha ya kuwa mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Wa pili humlisha mbwa nyama na kumfungia mlango maskini. Hao wakumbuke mfano wa tajiri na Lazaro katika Evanjili ya Luka. Mlangoni pa tajiri, mbwa walikuja kuviramba vidonda vya maskini, tajiri hakutoka.

Mbwa wa uzee wake

Helen hakukosa mbwa katika maisha yake. Wanafunzi wenzake wa Radcliffe walimpa mmoja, akamwita Phiz. Baadaye alikuwa na Sieglinde, jike mkubwa wa aina ya Great Dane, aliyempenda mno. Tarehe 20 Oktoba 1936 Anne Sullivan alikufa, baada ya kumshika mkono karibu miaka 50. Anayetegemea mkono mmoja kwa kila neno la dunia, mkono huo ukipoa anapotewa na nini? Helen alisimama tena. Mwaka uliofuata alisafiri Japani, pamoja na msaidizi wake Polly Thomson, ili kuwatetea vipofu na viziwi. Katika mji wa Akita alisikia habari za mbwa wa nchi ile, wanaosifiwa kwa uaminifu, akatamani mmoja. Afisa mmoja wa polisi akampa mtoto wa mbwa wake mwenyewe, jina lake Kamikaze-Go. Alikuwa mbwa wa kwanza wa aina ya Akita kufika Marekani. Hakutimiza hata miezi minane. Ugonjwa ulimwua mwaka ule ule. Mwaka 1939 Wajapani wakampelekea Helen ndugu yake, Kenzan-Go.

Miaka miwili baadaye nchi hizo mbili ziliingia vitani, zikauana kwa maelfu. Vita ilipokwisha, Helen alirudi Japani mwaka 1948, akafika Hiroshima, akagusa kwa mikono yake makovu ya watu walioungua. Mikono ile iliyowakumbatia mbwa wa Akita haikukataa uso wa mtu aliyeitwa adui. Helen alikufa tarehe 1 Juni 1968, akiwa karibu kutimiza miaka 88.

Nyumbani kwa kila mmoja

Wazazi wapendwa, msiseme ya kuwa hayo ni mambo ya nchi za mbali. Katika Kongo wako watoto waliopoteza macho kwa surua na kwa lishe mbaya, waliopoteza masikio kwa meninjiti. Wako watu wazima waliopofushwa na ugonjwa uletwao na visubi wa mito yenye maji ya kasi. Na wako waliopatwa na yote mawili. Watu hao huketishwa nyuma ya nyumba. Wageni wakija, hufichwa. Wengine husingiziwa uchawi, au husemwa ni laana ya ukoo. Mbwa wa nyumba huingia na kutoka; mtoto huyo hatolewi. Je, haiwi aibu mnyama awe na nafasi penye moto, na mwana wa Mungu asiwe nayo?

Sheria ya Musa ilikataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo. Kumnyima mtu lugha ni kikwazo kilicho kikubwa kuliko jiwe. Katika Ufaransa alizaliwa mwaka 1885 Marie Heurtin, asiyeona wala kusikia tangu kuzaliwa. Alidhaniwa kuwa ni mwenda wazimu. Mwaka 1895 masista Mabinti wa Hekima wa Larnay, karibu na mji wa Poitiers, walimpokea. Sista Marguerite alimfundisha ishara ya kwanza kwa kisu kidogo alichokipenda mtoto: akakichukua, akamwonyesha ishara yake mkononi, na alipoifanya akamrudishia. Kutoka kisu akaja kwenye mkate, kutoka mkate kwenye watu, na kutoka watu kwenye Mungu, hata akajua kusali.

Kazi ya namna hiyo huanza nyumbani kwa mambo madogo. Mguse mtoto begani kabla ya kumwinua, ili asishtuke. Mpe mkononi ishara moja ya kula, moja ya maji, moja ya mama, wala msizibadili. Mwacheni ashike jungu, unga, kifaranga, majani ya mahindi. Kama yuko mbwa mpole, aliyechanjwa, mwacheni mtoto amguse mkiwa karibu, ajifunze ya kuwa kuna uhai mwingine nje ya ngozi yake. Lakini msimwachie mbwa kazi yenu. Mbwa akaa, mtu lazima aseme.

Evanjili ya Marko yasimulia ya kuwa walimletea Yezu kiziwi asiyeweza kusema vema. Bwana hakuanza kwa kusema naye, kwa kuwa hangesikia. Alimtenga na umati, akatia vidole vyake masikioni mwake, akaugusa ulimi wake. Kwanza alimgusa. Baadaye akatazama mbinguni, akaugua, akasema: Efata, yaani, funguka. Mwana wa Mungu alisema na kiziwi kwa lugha ya mkono kabla hajasema kwa kinywa.

Na ajiulize kila mmoja usiku huu, kabla ya kulala: nyuma ya nyumba gani ameketi Tommy wa kijiji hiki, na kwa ajili yake ni Simba Jike yupi niliye tayari kumwacha?

Maswali ya katekista kwa wanafunzi wake

1. Nani walifuatana na Tobia njiani? Kila mmoja alikuwa na cheo gani?

2. Helen alitaka kumpa Belle kitu gani? Jambo hilo linatufundisha nini juu ya roho ya mtu?

3. Kwa nini Belle hakuweza kumtoa Helen gizani, na Anne Sullivan aliweza?

4. Fedha za mbwa zilipelekwa wapi mwaka 1891? Je, Helen alimdharau mbwa wake kwa kufanya hivyo?

5. Katekisimu inasema nini juu ya kuwatesa wanyama, na juu ya kuwapenda kupita kiasi?

6. Katika kijiji au mtaa wenu, nani haoni au hasikii? Ni nani atakwenda kumgusa mkono juma hili?